Kwanza Wale Wanaosikia

Wiki jana nilipanga foleni katika ofisi ya elimu mjini Bomet. Mbele yangu alisimama mzee aliyevaa viatu vya gambuti vyenye matope ya shamba la chai, pamoja na binti yake aliyemaliza kidato cha nne. Binti alitaka kuwa mwalimu wa watoto viziwi.

"Kwanza uende chuo cha ualimu wa msingi," karani akasema bila kuinua macho. "Ukimaliza, ufundishe shule ya kawaida upate uzoefu. Halafu ndio uombe kusomea elimu maalum."

Mzee akavua kofia. "Uzoefu wa watoto wanaosikia?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nikitaka mtu wa kukamua ng'ombe, simtumi kwanza akakamue mbuzi. Huyu ameongea na dada yake kwa mikono tangu wakiwa wadogo. Huo si uzoefu?"

"Hayo ni mambo ya nyumbani, mzee. Hapa tunaangalia cheti."

Mzee akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetunga sheria. Nikaangalia dari.

Nilipotoka niliwakuta nje, kwenye nyasi, na yule dada kiziwi aliyekuwa akiwangoja. Dada akauliza kwa mikono wameambiwa nini. Binti akainua mikono yake, akaanza kueleza, akafuta hewani, akaanza tena. Mwisho akanigeukia.

"Wewe ungemwambiaje?"

Nikaitazama mikono yangu. Maneno ndiyo kazi yangu, lakini uzoefu wangu wote ni wa watu wanaosikia.