Njiti za Gustave

Gustave Kasereka alipovuka mpaka kutoka Kongo kuingia Uganda mwaka 1971, mali yake yote ilikuwa sanduku la vifaa na chuma cha kulehemu chenye plagi ya meno mawili ya duara. Soketi za mji wa Arua, za matundu matatu, ziliikataa katakata. Mama Candiru wa mtaa wa Awindiri alimpa baraza yake atengenezee redio, wala hakumuuliza ataondoka lini. Gustave akaikata ile plagi, akaingiza nyaya tupu kwenye matundu ya soketi na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Mtaa mzima ukaiga, naye akajiona mwalimu.

Miaka minne baadaye Margaret, binti wa Candiru aliyekuwa akisomea uuguzi Amerika, alimpa sista mmoja mashine ya kanda amletee mama yake. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo binti aliisema barua yake yote ndani ya kanda. Kwa miaka miwili Candiru hakuwa ameisikia sauti hiyo, na usingizi ulikuwa haumjii kwa hamu.

Gustave alimkuta amepiga magoti mbele ya soketi, plagi ameshaikata, njiti mbili mdomoni. Akaisoma alama mgongoni mwa mashine, akaushika mkono wake.

"Mama, ngoja kwanza. Hii iko ya volti mia moja na kumi. Umeme yetu iko mia mbili na arobaini. Itaungua mara moja, na hutasikia mtoto."

"Lakini ni wewe nafundisha mimi hivi."

"Nilifundisha vibaya, mama."

Aibu ilimwingia Gustave mpaka kwenye mifupa. Kilichohitajika ni transfoma ya kupunguza umeme, na kwa mafundi wote wa Arua hakuipata. Akapanda baiskeli kwenda Koboko, safari ya kutwa, kwa Fadhul muuza spea. Fadhul alikuwa nayo moja, nzito kama jiwe la kusagia, na hakutaka fedha. Alitaka redio ya Gustave, ile aliyosikilizia habari za kwao. Gustave akaitoa. Aliyekupa baraza miaka minne humnyimi redio.

Aliporudi alifunga plagi mpya ya meno matatu, ya kweli, akaunganisha mashine na transfoma. Candiru alikuwa amevaa gauni la kanisani. Kanda ikazunguka.

"Mama, ni mimi Margaret. Mbele ya kuweka mashine hii kwa umeme, ita Gustave. Usiweke njiti. Umeme ya huku iko nusu ya yetu."

Candiru alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mtoto wake amesoma kweli, lakini onyo amelifungia ndani ya mashine yenyewe.

"Na mwambie Gustave asante," sauti ikaendelea. "Kama unanisikia, najua amekuja."

Gustave aliinama juu ya transfoma, akajifanya anakaza skrubu ambayo alikwisha kuikaza.