Mwiko wa Bendera

Juma lililopita nilikuwa mgeni, nimeketi mwishoni mwa chumba cha darasa la kwanza huko Nyabiyonza, siku ambayo mkaguzi wa Kizungu alikuja kuamua kama shule ile ipewe darasa la pili au ifungwe. Mkononi alishika usinga, akatuambia kwa fahari kwamba ni mkia wa twiga aliyempiga risasi mwenyewe.

Mwalimu, jasho likimtiririka, alielekeza fimbo kwenye bendera ya Tanganyika ya serikali ya Waingereza, iliyochorwa ubaoni. "Kwa nini pana kichwa cha twiga?"

Binti mdogo wa wafugaji akasimama, mikono nyuma. "Ndiye mwiko wa ukoo wa Gavana, Mwalimu. Sisi kwetu hatumgusi mnyama pongo. Wao hawamgusi twiga."

Mwalimu akafumba macho. Mkaguzi akacheka. "Jibu hili limelishinda la kitabuni!"

Binti hakuketi. Macho yake yalikuwa kwenye usinga. "Shikamoo, Bwana. Kumbe wewe si wa ukoo wa Gavana?"

"Mimi? Mimi ni mtu wake kabisa."

Darasa zima likaziba midomo kwa viganja.

"Pole, Bwana," akasema binti kwa huruma ya kweli. "Umegusa mwiko wa kwenu; meno yatakung'oka."

Mkaguzi akautia usinga mfukoni polepole, kisha akaandika kwamba darasa la pili lifunguliwe.

Nimesimamishwa mbele ya bendera miaka mingi, nikielezwa inaniamuru nini. Sikuwa nimemsikia mtu akiuliza inamkataza nini mwenye kuipandisha.