Otenga wa Selpha

Selpha alikuwa na maadui wawili tu pale ufuoni Dunga: mvua ya ghafla na otenga, yule mwewe wa kahawia anayeiba omena, dagaa wa ziwa aliowaanika juani, mchana kweupe. Mvua hakuiweza. Otenga alimngoja na ufagio.

Ndege aliyempenda alikuwa mmoja, furukombe, tai wa ziwani mwenye kichwa cheupe pe. Siku za ndoa yake furukombe wawili waliishi juu ya mkuyu hapo ufuoni, na kila asubuhi walirusha vichwa nyuma na kulia, sauti ikasikika hadi kwenye mitumbwi. Mumewe, marehemu Griffins, alizoea kumtania kwa jina la kwao alikozaliwa, "Nyar Nyakach, wanakucheka. Umeunguza ugali tena." Naye alimfukuza kwa mwiko. Ilikuwa miaka mitamu, na Selpha hakuona haya kusema hivyo. Tangu Griffins azikwe hakuwa ameusikia mlio ule, na kila alipomwomba Mungu, akishamwombea binti yake Shantel, aliomba ausikie tena.

Basi Jumamosi moja akamkuta ndege wa kahawia, kifua madoadoa, amenaswa kwenye wavu wa kuanikia omena. Otenga! Selpha hakujiuliza mara mbili. Ufagio ukashuka, bawa likalegea. Akauinua tena.

Ndege akarusha kichwa nyuma, akalia.

Sauti ilikuwa nyembamba na yenye mikwaruzo, lakini ilikuwa ileile. Selpha akaketi juu ya omena zake mwenyewe, akalia utadhani Griffins amezikwa jana.

"Mama, huyu ni mtoto wa furukombe," alisema Naswa, msichana wa kituo cha kutibu ndege, alipokuja kumchukua. "Wakiwa wadogo wako brown hivi. Kichwa inakuwa nyeupe wakishakuwa wakubwa."

"Na mimi nimempiga! Woi!"

"Hajavunjika. Ataruka tu."

Tangu hapo Selpha akawa anapeleka kituoni samaki wabichi aina ya ngege, wale wanono, huku wateja wake wakinung'unika. Hakuwajali.

Bawa lilipopona, Naswa alipiga simu. "Mama Shantel, wewe ndio ulimpata. Tumwachilie hapo Dunga?"

Moyo wote wa Selpha ulitaka kusema ndiyo. Akatazama ufuo. Mkuyu ambamo furukombe wale wawili walikuwa wakijenga kiota ulishakatwa, na pale uliposimama pana hoteli ya samaki na spika mbili kubwa. Wanawake wenzake walikuwa wakianika, kila mmoja ameweka mawe karibu ya kumtupia otenga. Ni nani angesimama kuwaeleza wote, kila siku, kwamba huyu si mwizi?

"Mpelekeni upande wa Asembo," akasema. "Huko bado miti iko."

"Lakini hutamsikia tena, mama."

"Najua," Selpha akajibu. "Baba Shantel hakuishi mpaka apate mvi. Wacha huyu apate."