Moto wa Spiriti Hauonekani Mchana

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na moja, shida iliingia nyumbani kwetu Ilagala. Mama alifariki akimzaa mdogo wangu. Baba alikuwa amevuka ziwa kwenda Kalemie na dagaa wa kuuza, akapata mke huko, basi. Mimi nilikuwa darasa la pili. Niliacha shule, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaanza kuuza spiriti kwa wavuvi.

Asiyejua aelewe. Karabai ya kuvulia dagaa hutumia mafuta ya taa, lakini haishiki mpaka kichwa chake kipate joto. Unamimina spiriti kwenye kikombe kidogo chini ya kichwa, unaiwasha, halafu unapampu. Moto ukizimika kabla taa haijashika, mvuvi anaongeza spiriti papo hapo kwa chupa. Watoto wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanalijua hilo kabla ya kujua kuogelea. Na ziwani hukosei, maana ni giza na moto wa spiriti ni wa bluu. Upo unauona, haupo unajua haupo.

Spiriti hiyo ndiyo iliyomlea mdogo wangu. Nilihamia naye Ujiji, nikauza, nikapanga chumba, nikafungua duka la mafuta, nikajenga nyumba mtaa wa Buzebazeba. Hakuna mjomba aliyetoa hata kandambili. Akamaliza kidato cha nne, akaenda chuo, akarudi fundi sanifu wa maabara kwenye sekondari moja ya hapa mjini. Siku alipovaa koti jeupe mara ya kwanza nilimpitisha mbele ya nyumba za wote walioniambia nimtupe kwa masista.

Jumamosi alikuwa anakuja dukani kwangu kunikagua kama bwana afya.

"Dada, petroli na mafuta ya taa umevilaza kitanda kimoja?"

"Si mafuta yote?"

"Mafuta ya taa ni mvivu, mpaka yapashwe ndipo yatoe mvuke wa kuwaka. Petroli na spiriti havingoji. Joto hili hili la Ujiji linatosha. Na mvuke wa petroli ni mzito, unatambaa chini kama maji mpaka ukute jiko la jirani. Ukirudi, unarudi na moto."

"Na huko kwako nako kuna nini?"

Akanieleza. Alikuta chupa za maabara zimepangwa kwa herufi, kama majina ya wanafunzi. Akazipanga upya kwa tabia zake. Vimiminika vinavyowaka aliviweka kwenye kabati la chuma, asidi kando, na vile vinavyouchochea moto mbali kabisa. Hata vitu vigumu vinawaka, alisema. Kuna madini laini, sodiamu, yanakatwa kwa kisu. Anayaficha ndani ya mafuta ya taa, kwa sababu yakigusa maji yanalipuka. Kuna fosforasi, hiyo inakaa ndani ya maji, ikipata hewa inawaka yenyewe.

"Kwa hiyo mmoja anaogopa maji na mwenzake anaishi humo kama dagaa," nilimwambia. "Hao ukiwaoza kwa mke mmoja umekwisha."

Alicheka mpaka akakaa juu ya dumu. Nikamwamuru ashuke, dumu lilikuwa la petroli.

Nilijenga banda la petroli nyuma, mbali na jiko. Mtu akisema mimi ni mbishi, mpeleke akalitazame banda hilo.

Ajali yenyewe ilitokea asubuhi, jua limejaa madirishani mwa maabara. Watoto walikuwa wanachemsha kitu kwa taa ndogo za spiriti. Mdogo wangu alikuwa amefungua kabati la chuma, anatoa chupa za somo linalofuata. Msichana mmoja, baba yake mvuvi, akaona taa yake imezimika. Haikuwa imezimika. Kwenye jua moto ule hauonekani. Akachukua chupa ya spiriti iliyokuwa mezani akaongeza, kama nyumbani. Moto ukapanda ukaingia chupani mkononi mwake, naye akaganda nayo.

Mdogo wangu alimpokonya. Hakuweza kuitupa pale pale, kabati lilikuwa wazi nyuma yao na watoto wamejaa. Akakimbia nayo nje, ikimmwagikia. Aliitupa mchangani ikiwa haina kitu tena. Yote ilikuwa kwenye koti.

Hospitali nilimkuta amefungwa bandeji mpaka shingoni.

"Dada, mtoto ameungua?"

"Hajaungua."

"Wasimfukuze."

"Nyamaza upone kwanza. Ya watoto wa watu utayashughulikia ukiinuka."

"Dada, alifanya kama sisi."

Hakuinuka. Nilimpokea mikononi mwangu akiwa na damu ya mama, nikamtoa mochwari nikiwa nimemfunga kitambaa mwenyewe, maana waliosema watanisaidia walikuwa wanalia tu.

Msibani watu walianza kutaja uchawi. Niliwaambia anayetaka uchawi aondoke na sahani yake. Baba wa yule msichana alikuja, akakaa nje kabisa, karibu na kuni, mtoto nyuma yake. Nikamfuata.

"Shikamoo, mama. Sina uso wa kukutazama."

"Marahaba. Uso unao, inua."

"Nimemtoa shule. Mimi hata karabai siitumii tena, siku hizi tuna taa za betri. Sijui alijifunzia wapi."

"Alikuona ukiwa nayo akiwa mdogo. Mkono hausahau."

Mtoto alikuwa anatazama chini, viganja amevikunja kama vina kitu.

"Jumatatu arudi darasani," nikasema. "Ukimkalisha nyumbani, mdogo wangu ameungulia nini?"

Alirudi. Nilisimama barabarani nikamwona akipita na sare yake, kisha nikaingia ndani nikafunga duka. Jumamosi mpaka leo silifungui mapema. Nakaa tu, kana kwamba kuna mtu atakuja kunikagua.

Mali yangu leo ni hii. Nyumba ya vyumba vinne Buzebazeba, bati zima. Duka. Banda la petroli lenye matundu chini ya ukuta, mvuke utoke, na ndoo za mchanga mlangoni. Mitumbwi miwili, injini moja. Shamba la michikichi Ilagala, pale alipozikwa mama, na sasa mwanawe. Karabai moja ya zamani. Koti jeupe la pili, lile la kubadilisha, lilikuwa kwenye kamba yangu siku ile ya moto likikauka.