Moto wa Kuchomeka Ukutani

Mshawahi kuona moto wa kambi unaochomekwa kwenye soketi?

Mimi nimeuona. Tunis, ukumbi wa hoteli, sherehe ya miaka sabini ya skauti wa kike. Balbu nyekundu, kitambaa laini juu yake, na feni inakipepea kutoka chini.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, skafu shingoni, hasira mpaka machozi.

Maana sherehe hiyo ndiyo iliyokula kambi yetu. Mwaka mzima tulijiandaa kwenda kulala msitu wa Ain Draham. Mama alishakubali, na kumkubalisha mama yangu si mchezo. Halafu Madam Raoudha, mwenyekiti wetu, akaifuta.

"Binti zangu, chama kimekua," alisema. "Skauti wa zamani alifunga mafundo. Skauti wa leo anafungua semina."

"Na mahema, Madam?"

"Yatapamba jukwaa, Emna. Acha ubishi."

Basi tukapewa trei za makroudh, vitafunio vya tende, tuwazungushie wageni, waziri akiwa kiti cha mbele. Jukwaani ikatundikwa ile picha ya kila kalenda yetu: waanzilishi wamezunguka moto, msitu mzito nyuma yao.

Mmoja wao alikuwa bado hai. Lalla Beya, bibi wa fimbo na skafu iliyopauka. Madam akampa kipaza sauti.

"Lalla, tusimulie usiku ule msituni."

Bibi akaitazama picha. Akautazama moto wa feni. Akaangua kicheko, nusura meno ya bandia yamtoke.

"Msitu gani, mwanangu? Huo ni ua wa shule. Miti hiyo ni michungwa ya mwalimu mkuu, iko kwenye vyungu. Tuliibeba wenyewe."

Waziri akaacha kutafuna.

"Baba zetu walikataa. Eti binti alale nje, watu watasemaje? Tukapiga picha, magharibi kila mtu yuko kwao. Mimi mpaka leo sijawahi kulala nje."

"Lalla anapenda utani!" Madam akarukia kipaza sauti. Bibi akakihamishia mkono wa pili.

"Sijamaliza. Tulidanganya ili wadogo zetu waone inawezekana, nao wadai. Sasa mna mahema, mna ruhusa za mama zenu, halafu mmekaa hapa mnaota feni?"

Akanigeukia mimi.

"We mwenye trei. Basi lililowaleta liko wapi?"

"Nje, Lalla."

"Unangoja nini?"

Jamani, tuliyang'oa mahema jukwaani mbele ya waziri! Dereva akamtazama Madam, akamtazama Lalla, akawasha gari.

Ain Draham kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Lalla Beya alikataa hema. Alijiviringisha blanketi kando ya moto wa kuni, akakoroma mpaka asubuhi, na mimi nikalia kwa furaha.

Alifariki kabla ya mwaka kuisha.

Juzi nimepita makao makuu. Kuna picha mpya ukutani: Lalla, sisi, moto wetu. Chini imeandikwa, "Kambi ya kihistoria iliyobuniwa na Mwenyekiti Raoudha."

Na Madam mwenyewe yumo katikati, anaota moto, anatabasamu.

Madam hakukanyaga Ain Draham. Wamembandika.

Ndugu zangu, mkionyeshwa historia ya chama chenu ikiwa nzuri kupita kiasi, tazameni kwanza kama miti ina vyungu. Kisha bebeni blanketi, nendeni msituni wenyewe.