Matundu Niliyoyaunguza

Kazi yangu ni kuunguza vitu kwa mpango. Ndivyo nilivyomjibu jirani aliyeniuliza kwa nini nguo zangu zanuka moshi ilhali jikoni siingii, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena. Ukweli ni kwamba huu ni mwaka wa sita niko katika chumba kimoja Changamwe, upande wa kuelekea Kipevu, mimi na mashine ya leza. Dirisha limezibwa ili vumbi la malori lisiingie. Nachora kwenye kompyuta, na mwanga unachora vilevile juu ya utando wa plastiki ya manjano, bila wino wala kalibu. Unapopita, plastiki inageuka makaa meusi yanayopitisha umeme, mistari myembamba karibu sawa na unywele. Vipande hivyo hupima chumvi katika maji ya visima. Tulianza watu watatu. Wawili wamepata kazi Nairobi, nami nimebaki kuzungumza na feni.

Mama alifariki mwaka jana. Alikuwa akishona kofia za vito, zile za vitundu vinavyozungushiwa uzi, nyumbani kwetu Mtongwe, na ya mwisho ilikuwa ya baba. Kofia huwa vipande viwili kabla ya kuunganishwa: mshipi wa kuzunguka kichwa, na duara la juu. Mshipi alikuwa ameumaliza. Duara alilichora tu kwa penseli, maua madogo ya vitundu, na hata kimoja hakijatobolewa. Baba alivifunga vyote katika leso ya mama, akangoja arobaini ipite, kisha akaniita.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Nataka kuivaa hii Idd, inshallah. Na nataka mkono wa nyumba hii uimalize."

Mkono wa nyumba hii ni wangu peke yangu, nami kushona sijui. Mama aliniita mara ngapi nikae kando yake! Nilikuwa na mitihani, kisha chuo, kisha kazi, na kila mara nilimwambia kesho. Sikuwa na uso wa kumweleza baba hayo. Nikaitikia inshallah, nikavuka feri na duara ndani ya bahasha.

Shoga yake mama anashona Likoni hadi leo. Tulikubaliana kwamba mimi nitoboe, yeye azungushie uzi kila tundu, maana wako wengi wanaogawana kazi hivyo. Hakuniuliza nitatoboa kwa kitu gani. Kwa sindano, kwa nini kingine?

Nilifanya kazi hiyo Jumapili, jengo zima kimya. Nilipiga picha ya mchoro wa mama, nikauingiza kwenye kompyuta, nikaijaribu nguvu ya mwanga kwenye kitambaa kingine mpaka kingo zikatoka safi, kisha nikalibandika duara kwenye mashine. Dakika nne tu. Mama angechukua wiki mbili. Nililiinua kwenye taa, na kila tundu lilikuwa palepale penseli yake ilipopita. Nilifurahi, wallahi. Niliona nimemlipa mama zile kesho zangu zote. Hapakuwa na mtu wa kumwonyesha, nikaionyesha feni.

Shoga yake mama alilitazama, akalisifu, akapitisha sindano kwenye tundu la kwanza na kuvuta uzi. Ukingo ukamomonyoka. Akajaribu la pili, na la tatu. Uzi ulirudi mkononi mwake na vumbi la kahawia. Akaliweka duara chini taratibu.

"Umetoboa kwa kitu gani, mwanangu?"

Nikamweleza.

"Basi umezikata nyuzi. Sindano haikati. Yaziambia nyuzi zisogee, zipishe, kisha wazifunga papo hapo ziliposogea. Mamako hakuukata hata uzi mmoja. Kwani hukuwa ukimuona?"

Nilimwona kila siku ya utoto wangu, na sikuwahi kutazama mkono wake unafanya nini. Kwangu mimi tundu ni kitu kilichoondolewa, ndiyo kazi ninayolipwa. Na penseli yake niliiondoa pamoja na kitambaa. Nililia pale pale kwenye jamvi la watu, bila haya.

Siku mbili kabla ya Idd nilikwenda Mtongwe. Kwenye feri nilikuwa nimepanga maneno marefu kuhusu nguvu ya mwanga na aina za kitambaa. Nilipomwona baba ameketi na leso mapajani, yalinitoka mawili.

"Nimeliunguza, baba."

Alilipokea duara, akalipapasa kwa kidole, akalinusa. Nilitamani anifokee. Akafungua leso, akautoa mshipi, akauvaa vivyo hivyo, hauna juu, kipara chake kimetokeza katikati.

"Nitazame. Imekaa sawa?"

Nilitaka kucheka na sikuweza. Ijumaa zote ninazozikumbuka alimuuliza mama swali hilohilo mlangoni, na mama akimwekea kofia sawa kabla hajatoka. Sasa hakukuwa na mwingine wa kuulizwa.

"Imeenda upande kidogo," nikasema, nikanyoosha mkono nikaivuta kulia.

"Taratibu," akasema baba. "Mamako hakuwa akivuta."