Miti Mifupi ya Ndugu Ambwene

Harufu ya udongo uliolowana ilivuka uzio wa jirani yetu kila Jumamosi alasiri, hata katikati ya kiangazi, wakati mtaa wetu wote wa Chanji ulikuwa vumbi tupu na upepo wa baridi wa Ufipa ukitupasua midomo. Nani anamwagilia maji mwezi wa saba, na hana hata tuta moja la mboga? Mama aliacha kupepeta ulezi, akanusa. "Huyu mtu," akasema, asimalizie. Nilikuwa na miaka tisa, nikamalizia mwenyewe kichwani.

Huyo mtu alikuwa Ndugu Ambwene, karani aliyehamishiwa Sumbawanga kutoka Mbeya, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa na kila mgeni akiulizwa mara mbili alikotoka. Aliishi peke yake. Uani kwake, juu ya ubao, alipanga makopo saba ya mafuta ya kupikia, na ndani ya kila kopo kulikuwa na mkuyu uliokomaa, wenye gome la kizee na mizizi iliyojikunja, lakini haukuzidi urefu wa mkono wangu. Alisema alifundishwa na fundi mmoja Mchina alipokuwa kibarua kwenye kambi ya reli. Watu waliitikia "kumbe", wakaondoka wakitazamana. Sisi tulizoea mtu anayeomba mmea wake ukue. Huyu alikuwa akiuzuia.

Nyumbani kwetu tulikuwa na sababu ya kuogopa. Mdogo wangu Skola alikuwa na miaka minne, na bado gauni nililovaa mimi nikiwa na miwili lilimtosha. Kliniki walimpima, wakasema ale maharage. Alikula, hakuongezeka. Mama akaanza kuhesabu miezi: Ndugu Ambwene alihamia lini, na Skola aliacha kukua lini. Hesabu ikamtosha.

Mimi nilichungulia kwenye tundu la uzio wa matete. Kulikuwa na mti mmoja uliomsumbua Ndugu Ambwene, kwa sababu shina lake lilikuwa tupu kuanzia udongoni hadi katikati, naye alitaka matawi ya chini. Nilimwona akichukua wembe na kulikata gome kidogo, juu ya jicho la chipukizi lililolala, utomvu mweupe ukachuruzika. Wiki nyingine alilikunja tawi refu la mti uleule, akalishusha mpaka likagusa shina, akakwangua magome yote mawili pale yalipokutana, akayafunga pamoja kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Leo najua alitaka tawi lishikane na shina pale chini. Siku ile niliona kufunga tu. Skola alikuwa amesimama karibu nami. Ndugu Ambwene akamwona, akatabasamu. "Njoo, mdogo wangu, umwone mwenzio."

Mwenzio! Neno hilo lilinikaa kifuani siku mbili. Jumatatu, yeye akiwa ofisini na Mama yuko kwenye foleni ya sukari, nilipenya uzio na kisu cha jikoni. Niliukata mti ule chini kabisa, vidole vitatu juu ya udongo. Nilirudi nikitweta, nikiamini nimemfungua Skola.

Jioni ileile Skola akashikwa na homa.

Sijawahi kuogopa hivyo tena. Kama mti ule ulikuwa mdogo wangu, basi aliyemkata nilikuwa mimi. Sikusema. Mama alimkimbiza zahanati, na asubuhi, akimwacha Skola na shangazi, akaenda kwa balozi wa nyumba kumi.

Watu walijaa uani kwa Ndugu Ambwene. Balozi, mzee asiyependa makelele, akauliza, "Ndugu Ambwene, miti hii ni ya nini?"

"Ni ya kutazama tu, mzee."

"Kutazama?" Mama akadakia. "Wenzako wanalima, wewe unatazama? Mwanangu anaungua!"

Ndugu Ambwene akainua kopo lenye kisiki. "Huu umekatwa jana. Na mimi ningependa kumjua aliyeukata." Macho yake yalipita nyuso zetu, yakafika kwangu, yakashuka kwenye vidole vyangu, ambako utomvu ulikuwa umeganda na kuwa mweusi. Nikangoja. Akaliweka kopo chini. Balozi akasema shauri hilo atalipeleka juu, kila mtu arudi kazini.

Muuguzi alisema ni kichomi. Akampiga Skola sindano, na siku ya nne mtoto akaomba uji.

Jua la mwezi wa tisa lilipoanza kuwaka, Ndugu Ambwene aliniita uziani. Kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi matano, yote chini kabisa. "Miaka miwili nayatafuta haya," akasema. "Mimi niliogopa kukata chini hivyo. Wewe hukuogopa." Nikamwambia shikamoo, nikakimbia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mtu umemharibia kitu chake, halafu anakuchekea, anataka nini? Nilimwambia Mama kisiki kimefufuka. Aliyekikata sikumtaja. Maneno hayo yakafika sokoni kabla ya jua kuzama, na watu wakaacha kuitikia salamu zake. Mwezi haukuisha, akaomba uhamisho. Alipanda lori la Mbeya na makopo yake ameyafunga kwenye magunia, bila mtu wa kumsindikiza.

Skola ni mfupi mpaka leo, kama bibi yetu mzaa baba, ambaye hakuna aliyemkumbuka tulipokuwa tukihesabu miezi. Mama nilimwambia ukweli alipokuwa mzee sana. Akasema, "Lakini mtoto alipona."

Siku hizi miti ya namna ile inauzwa barabarani, kwenye vyungu vya rangi, na wanunuzi hawaulizi nani kaifupisha. Nimesoma, nimefundisha sayansi miaka mingi, na ningependa kusema yale yamekwisha. Mwaka jana jirani mpya, mtu mpole anayeishi peke yake, aliniletea fungu la mchicha kutoka bustanini kwake. Nilimshukuru sana, nikamsindikiza hadi getini. Kisha nikarudi jikoni, nikaumwaga.